Ahsanteni, Inatosha

Najua nimepotea. Mitihani ya mwisho wa muhula ilitubana, na wengine mpaka leo hatujui kama tumevuka salama au tuna sapu mbili tatu zinatusubiri. Lakini leo siandiki habari za sapu, wala za bumu lililochelewa, wala za foleni ya maji bwenini. Leo nina dukuduku, na dukuduku lenyewe ni la ngoma.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mkonze kumwona bibi. Kwa wale wageni wa Dodoma, Mkonze ni hapahapa tu, ni kata ya jiji, ila ukifika bado unapokelewa na mbuzi kabla hujapokelewa na watu. Bibi anasema zamani kule kote kulikuwa mashamba ya mtama na uwele. Siku hizi vigingi vya viwanja vimeota kuliko mtama wenyewe. Basi nikaingia uani nikamkuta bibi na wenzake saba, kila mmoja kabana ngoma yake mapajani, wako mazoezini. Upepo wetu ule wa Julai unakata masikio, vumbi limejaa, na hao bibi zangu wamejifunga khanga, wanapiga muheme kama vile hakuna hata mmoja anayelalamikia magoti asubuhi.

Nikawaamkia, nikakaa. Walipopumzika nikauliza, "Bibi, safari hii kuna mgeni gani anakuja?" Maana mimi nimezoea. Nikiona muheme zimetolewa ndani kuanikwa juani, najua kuna mkubwa anakuja kuzindua kisima, darasa au barabara.

Bibi akacheka. "Hakuna mgeni, mjukuu wangu. Tunarudi Chamwino."

Niliporudi chuoni nikawasimulia wenzangu chumbani kwamba kikundi cha bibi kinarudi kwenye tamasha. Rafiki yangu mmoja, simtaji maana anasoma hapa na atanikata jicho, akaruka kitandani: "Tamasha gani? Fiesta?" Nikasema hapana, la muziki wa Kigogo, Chamwino. Akarudi kulala. "Aah! Hizo si tamasha, hizo ni ngoma za mapokezi."

Jamani! Neno hilo ndilo lililonifanya niandike.

Ngoma za mapokezi. Hebu tulitazame vizuri neno hili, kwa sababu rafiki yangu hakulitunga yeye, amelikuta kwetu sote. Dodoma ni makao makuu. Uamuzi ulifanyika mwaka 1973, serikali ikaja kuhamia kwelikweli baada ya tangazo la mwaka 2016, na mwaka 2018 tukawa jiji. Wageni wa kupokelewa hapa hawaishi. Kwa hiyo ukitazama haraka haraka utadhani muziki wa Kigogo una bahati kuliko muziki wote nchini, maana unaitwa kila wiki. Kumbe unaitwa kama zulia linavyoitwa. Zulia linatandikwa, mkubwa anapita juu yake, halafu linakunjwa. Hakuna anayeuliza zulia lilikuwa na maua gani.

Nilishuhudia kwa macho yangu. Ilikuwa shughuli moja hapa mjini, mahali sipataji. Bibi na wenzake waliambiwa wafike saa mbili asubuhi. Wakafika. Mgeni akafika saa saba mchana. Masaa yote hayo kina mama wale wamekaa juani, turubai ni la waalikwa. Magari yalipoingia mtu mmoja akawakimbilia akipunga mikono, "Pigeni, pigeni!" Wakapiga. Wimbo ulikuwa ndio kwanza unapanda, mwimbishaji ameshatoa maneno ya kwanza na wenzake wameanza kumwitikia, mgeni akaketi. Palepale kipaza sauti kikalia: "Ahsanteni sana kina mama, inatosha!" Wimbo ukakatwa kama kuku. Baadaye soda moja moja, na bahasha ya kugawana watu wanane.

Nilimkumbusha bibi siku ile tulipokuwa pale uani. Akaniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria. "Mimi nimewapigia wageni tangu hapa pakiwa pori. Nyimbo nilizoanza ni nyingi. Nilizomaliza nazihesabu kwa vidole." Ndiyo maana wanarudi Chamwino. Akasema, "Kule hata zamu ikiwa fupi, tunaanza sisi na tunamaliza sisi."

Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo, wandugu, mengine ni maelezo tu. Tofauti ya mapokezi na tamasha si ukubwa wa spika wala bei ya kiingilio. Tofauti ni nani anaamua wimbo umekwisha. Kwenye mapokezi anaamua mgeni, kwa kukaa. Kwenye tamasha anaamua mwanamuziki, na sisi wengine kazi yetu ni kusikiliza mpaka mwisho.

Kwa asiyejua: Tamasha la Muziki wa Wagogo hufanyika Chamwino Ikulu, mashariki ya mji kwa njia ya Morogoro, chini ya kilomita 40 kutoka hapa, wakati wa kiangazi watu wakishavuna. Lilianza mwaka 2009. Aliyelianzisha ni Dk. Kedmon Mapana, mwana wa hukohuko, mhadhiri wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye baadaye aliteuliwa kuwa Katibu Mtendaji wa BASATA. Vikundi vinatoka vijijini na ngoma zao, mazeze yao, marimba yao, njuga zao miguuni. Kuna muheme wa kina mama, kuna nindo, kuna msunyunho. Ukifika unajua mara moja kwamba hapa hakuna anayesubiri gari la mtu.

Sasa nyinyi mnaosema "kama muziki wenu ni mzuri soko lingeamua", tulieni niwape habari za soko.

Kuna mtu aliitwa Hukwe Zawose. Alizaliwa Doduma, mkoani humu humu. Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam kwenye kundi la taifa la ngoma, na baadaye akafanya makazi na kazi yake Bagamoyo, penye chuo cha sanaa ambacho leo tunakiita TaSUBa. Alikuwa na marimba yake, ilimba kwa Kigogo, na zeze, na sauti ambayo ilikuwa inashuka mpaka chini kisimani halafu inapanda juu kama ya mtoto. Akapigia matamasha ya WOMAD, haya ya kiangazi yaliyoanza Uingereza mwaka 1982, ambayo mmoja wa waanzilishi wake ni Peter Gabriel. Mwaka 1996 lebo ya Real World ikatoa albamu yake Chibite. Mwaka 2002 ikatoka Assembly, aliyoifanya na Michael Brook, na mwaka huohuo akazunguka Marekani akimfungulia Peter Gabriel maonyesho. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003, Bagamoyo.

Sasa subiri. Mwaka 2024 lebo ileile, Real World, ikatoa albamu nyingine inaitwa Maisha. Wenye albamu ni The Zawose Queens, yaani Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Miaka 28 baada ya Chibite, jina la Zawose linarudi nyumba ileile, na kiangazi hichohicho wakaenda kupigia matamasha ya Uingereza. Na wamerudi kwa namna yake! Enzi za mzee, wanawake wa familia walikuwa nyuma wakiitikia. Zeze na marimba vilikuwa vyombo vya wanaume. Safari hii wanawake ndio mbele, ndio wanaoimbisha, ndio wenye vyombo mkononi. Katikati hapo kuna Msafiri Zawose, mtoto wa Hukwe, ambaye mwaka 2017 alitoa Uhamiaji kwa lebo ya Soundway, muziki wa Kigogo na mitambo ya kisasa bega kwa bega.

Basi hilo ndilo soko. Watu wasiojua Kigogo hata "mbukwenyi" wamekata tiketi, wamesimama kwenye matope ya Uingereza, wamesikiliza wimbo mpaka ukaisha, halafu wakapiga makofi. Hakuna aliyemwambia Zawose "ahsante mzee, inatosha". Na sisi? Sisi tulituma video kwenye magrupu ya WhatsApp, tukaandika "Tanzania kwanza", tukaweka bendera. Nawauliza kwa upendo kabisa: katika nyinyi mliotuma ile video, ni wangapi mmewahi kufika Chamwino? Nauli yake haifiki hata ya kwenda kula kuku mjini. Tunajivunia wimbo ukimalizikia Uingereza, ukija kumalizikia hapa jirani tunasema una kelele.

Najua baadhi mnasema mimi ni Mgogo ndiyo maana nimekasirika. Ni kweli, na wala sifichi. Ila kuna wakati nilificha. Mwaka wa kwanza nilipofika hapa, siku ya pili tu, watu wanatambulishana mikoa, kijana mmoja akasema, "Nani hapa Mgogo atuombee sadaka?" Ukumbi mzima ukacheka. Ule utani wa ombaomba, mnaujua. Mimi nikasema natoka Morogoro. Hee! Bibi yangu yuko Mkonze, naweza kwenda kwa daladala na kurudi kabla ya kipindi cha jioni, na mimi nasema natoka Morogoro. Kwa hiyo naposema tunadharau, najihesabu na mimi humo.

Na kosa langu kubwa zaidi si hilo. Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa nimeshika chaki.

Tulipokwenda BTP nilipangiwa shule moja ya sekondari, huku huku mkoani. Kidato cha kwanza, darasa limejaa, mimi nina andalio la somo nililoandika usiku kucha na mkaguzi anaweza kuingia dakika yoyote. Nyuma kabisa kuna binti mmoja, mdogo, mpole. Nimegeuka ubaoni nikasikia dawati linalia. Lilikuwa linalia kwa mpangilio: mkono wa kushoto unashika mwendo, wa kulia unacheza juu yake, na jirani yake anajibu kwa dawati lake. Ilikuwa muheme kamili, wandugu. Nimezaliwa nayo, siwezi kuikosea. Mbao za serikali zilikuwa zinaimba.

Unajua nilifanya nini? Niligeuka nikasema, "Wewe! Inatosha!"

Neno lilelile. Kwa sauti ileile ya kipaza sauti. Binti akaweka mikono chini ya dawati na muhula mzima sikuwahi kuisikia tena. Nikapata alama nzuri za BTP. Nidhamu ya darasa: vizuri sana.

Nimekuja kujua baadaye kwamba Dk. Mapana huyohuyo wa Chamwino, tasnifu yake ya uzamivu ilihusu jambo hili hili: mkatiko uliopo kati ya muziki anaokua nao mtoto wa Kigogo nyumbani na kile anachokutana nacho shuleni. Yaani mtoto anaingia darasani akiwa anajua kuimbisha, kuitikia, kushika mapigo mawili kwa wakati mmoja, kusikiliza wenzake. Sisi walimu tunampokea kama debe tupu. Tunamfundisha muziki ni kitu cha kwenye kitabu, na kile cha mikononi mwake ni utovu wa nidhamu. Nilisoma nadharia za kujifunza miaka mitatu, nikawaandika kina Vygotsky kwenye mitihani yote, kwamba anza na kile mtoto anachokijua. Siku mtoto aliponionyesha anachokijua, nikamnyamazisha.

Na hapa nasema na nyinyi wa elimu hasa, maana wa sheria na wa uhandisi wanaweza kujitetea. Mtaala ulioboreshwa, huu ulioanza kutumika Januari 2024, umeingiza sanaa na utamaduni tangu darasa la kwanza. Vizuri sana. Nani atafundisha? Ni sisi. Tutafundisha nini, kama hatujawahi kukaa hata saa moja kusikiliza wimbo wa Kigogo, au wa Kihehe, au wa Kisukuma, ukaanza mpaka ukaisha? Tutachora zeze ubaoni na mishale: hii ni kamba, hili ni buyu. Halafu tutatoa zoezi.

Sasa niwajibu wale waliokwisha nijibu, maana nimeshabishana nao kantini.

Wa kwanza wanasema: "Lakini wanalipwa posho, wanalalamika nini?" Kwanza kina bibi hawajalalamika, ninayelalamika ni mimi. Pili, tuulizane bei. Mwenye spika analipwa kwa mkataba. Mwenye viti na turubai analipwa kwa mkataba. Mshereheshaji analipwa kwa mkataba, tena kianzio kabla hajafungua mdomo. Mwenye ngoma anapewa soda na "ahsante". Kama mapokezi hayawezi kwenda bila muheme, basi muheme ni kazi, na kazi ina bei inayotajwa kabla, si bahasha inayogawanywa kivulini baada ya wageni kuondoka.

Wa pili wanasema: "Hizo ngoma ni mambo ya giza, sisi tumeokoka." Jamani, bibi yangu Jumamosi anapiga muheme na Jumapili yuko kwaya, sauti ya kwanza, na sare yake ameipiga pasi mwenyewe. Mchungaji wake anajua. Kama giza lipo, liko kwa anayekataa kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Wa tatu ndio wagumu, na hawa nawaheshimu. Wanasema: "Tamasha nalo ni mapokezi tu, ila ya watalii na watafiti. Leo wanawapigia wazungu wenye kamera." Hii hoja ina ukweli ndani yake. Muziki uliokuwa wa mavuno, wa harusi, wa jando, ukishapandishwa jukwaani unabadilika. Una zamu, una kipaza sauti, una mtu anayerekodi. Sibishi. Lakini nikamuuliza aliyesema: kwa nini wazungu wenye kamera ndio wanaoonekana sana pale? Kwa sababu viti vyetu viko wazi! Kama unaogopa ngoma isiwe ya watalii, dawa ni moja tu, nenda ukae mbele ya mtalii. Bibi akiangalia mbele aone wajukuu. Mwimbishaji akitoa fumbo, pawe na watu wa kulicheka, si wa kulirekodi tu.

Na msidhani tamasha ni kitu kitakachokuwepo milele kikitusubiri tupate nafasi. Sauti za Busara ya Zanzibar, ambayo ilianza mwaka 2004 na inajulikana dunia nzima, ilishindwa kufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Ikarudi 2017, tukashukuru. Sasa kama lile, lenye jina na wageni na Mji Mkongwe na bahari, lilikatika mwaka mzima, hili la kwetu la vumbi na mibuyu lina ngao gani? Ngao yake ni hao wanaorudi. Kila mwaka kikundi kinachorudi kinasema tena kwamba jambo hili lipo. Wao wametimiza upande wao. Upande wa pili, wa kusikiliza, ni wetu, na huo umekuwa mtupu.

Bibi aliniambia katika kikundi chao walikuwa kumi na wawili. Sasa ni wanane. Wanne wametangulia mbele ya haki, na hakuna aliyeingia. Nikamuuliza kwa nini hawafundishi vijana. Akanitazama, akaniuliza, "Wewe umewahi kuomba?"

Sikuwa na jibu. Nikavuta ngoma iliyokuwa imelazwa pembeni, ya mmoja wa wale wanne, nikaibana mapajani. Ni nzito kuliko inavyoonekana. Nikapiga, nikakosea, wakacheka mpaka mmoja akafuta machozi kwa khanga. Nikapiga tena. Mikono iliniuma mpaka Jumatatu, kalamu nilishika kwa shida. Mapigo yenyewe bado sijayapata, napata ya kushoto tu.

Ombi langu basi ni dogo. Kamati ya burudani ya chuo, najua mnasoma hapa: siku ya utamaduni ikifika msiwaite kina bibi wapige wakati wageni wanaingia. Waiteni wapige wakati wageni wameshakaa, na mtaje malipo kabla. Walimu wenzangu mnaokwenda BTP, dawati likilia hesabu mpaka kumi kabla hujafungua mdomo. Na nyinyi wengine wote, njooni Chamwino. Mimi nakwenda na kikundi, nitakuwa nimebeba maji na sweta za watu. Anayetaka kuja anitafute chumbani au baada ya kipindi, tupange nauli pamoja. Beba sweta na wewe, upepo wa kule hauna adabu.

Ukifika, kaa. Wimbo ukianza usiondoke kwenda kununua soda. Subiri wamalize.

Mbukwenyi, na tuonane tena matokeo yakitoka, kama nitakuwa bado na nguvu za kuandika.